GeneXpert ya moduli nne na katriji ya Ultra: ndani ya katriji hakuna neno, kazi iko nje yake

GeneXpert ni mashine inayopima hasa kifua kikuu kwa kutafuta DNA ya vimelea. Katriji ni kikopo cha plastiki kinachopokea sampuli, moduli ni nafasi inayobeba katriji moja, na Ultra ni toleo jipya la katriji ya kifua kikuu. Chukua katriji iliyopitwa na tarehe, ambayo haijawahi kutiwa makohozi, uipasue kwa msumeno mdogo. Utakuta vyumba 11 vimepangwa kuzunguka bomba la katikati. Chini yake kuna vali inayozunguka, na kwa nyuma kimechomoza kibapa chembamba cha plastiki mfano wa ulimi. Kwenye ulimi huo ndiko PCR, yaani kurudufisha DNA hadi ionekane, inakofanyika. Kazi ambayo zamani ilihitaji vyumba vitatu, sentrifuji, friza na mtu aliyesomea baiolojia ya molekuli imewekwa kwenye kitu kinachoenea kiganjani.

Kwa wenye haraka, uamuzi ni huu. Kituo kinachopokea sampuli 8 hadi 20 za kifua kikuu kwa siku, chenye umeme unaoweza kulindwa na chumba kinachoweza kupozwa, kinunue mashine hii bila kusita. Kituo kisicho na kiyoyozi, au kinachopata sampuli tatu kwa wiki, kisome kwanza habari za Truenat, mashine shindani, huko chini. Na yeyote atakayenunua ajue mapema kwamba katriji yenyewe itamsumbua kidogo sana. Kitakachomsumbua ni joto, vumbi, umeme, makohozi mabaya na mkataba wa matengenezo.

Tuanze na sehemu iliyo nzuri. Mashine haina mirija ya ndani ya kupitisha sampuli wala kushika uchafu. Ina fimbo inayoshuka na kuingia kwenye bomba la katriji, mota ya kuzungusha vali, na kifaa cha mtetemo wa sauti kilicho chini. Vali ikizunguka, bomba linaunganika na chumba kimoja. Fimbo ikipanda, kimiminika kinavutwa; ikishuka, kinasukumwa. Kwa mwendo huo huo makohozi yanapitishwa kwenye kichujio, vimelea vinanasa na kuoshwa, kisha mtetemo ukishirikiana na chembe za kioo unavunja ganda lao gumu na DNA inatoka. DNA inakutana na vitendanishi vikavu vilivyokuwa vikisubiri chumbani, inasukumwa hadi kwenye ule ulimi, inapashwa moto na kupozwa mara nyingi huku taa zikisoma rangi. Sampuli haigusi mashine hata kidogo. Ndiyo maana mashine moja inaweza kupima kifua kikuu saa nne, wingi wa VVU saa saba na HPV, virusi vya saratani ya shingo ya kizazi, saa tisa bila kuoshwa kitu.

Ultra ilipokuja haikubadilisha umbo la nje, ila ndani ulimi ulipanuliwa kutoka mikrolita 25 hadi 50, na zikaongezwa shabaha mbili, IS6110 na IS1081. Vipande hivyo vya DNA kwa kawaida huwa na nakala kadhaa ndani ya kimelea kimoja, hivyo ni rahisi kuvikuta hata vimelea vikiwa vichache. Matokeo yake, kiwango cha chini kinachoonekana kilishuka kutoka zaidi ya vimelea 110 kwa mililita hadi takriban 16. Muda nao ulipungua: katriji ya zamani ilichukua karibu saa mbili, Ultra inamaliza ndani ya dakika 80 hivi. Kwa moduli nne na siku ya kazi ya saa nane, hesabu ya kawaida ni sampuli 16 kwa ile ya zamani na kama 20 kwa Ultra, mradi kuwe na mtu wa kuondoa na kuweka katriji bila kuchelewa.

Wengi hawajui kwamba teknolojia hii haikuanzia kwenye kifua kikuu. Baada ya barua zenye kimeta za mwaka 2001, posta ya Marekani iliweka mitambo ya kunyonya hewa juu ya mashine za kuchambua barua, na kipimo kilichokuwa ndani ya mitambo hiyo kilikuwa cha kampuni hii hii, Cepheid ya Sunnyvale, California, kwa katriji za aina hii. Yaani kabla ya kupima makohozi ya wagonjwa, ilikuwa ikipima hewa ya posta. Shirika la Afya Duniani liliipitisha kwa kifua kikuu Desemba 2010, na Ultra ikapitishwa Machi 2017.

Bei. Mashine ya moduli nne ya rangi 6 (idadi ya rangi za mwanga inazosoma), pamoja na kompyuta, iliuzwa kwa miaka mingi kwa takriban dola 17,000 kwa nchi na mashirika yenye haki ya bei nafuu. Katriji ya kifua kikuu ilishushwa kutoka dola 16.86 hadi 9.98 mwaka 2012 baada ya wafadhili kuingia, ikakwama hapo kwa miaka 11, hadi Septemba 2023 ilipofika dola 7.97. Madaktari Wasio na Mipaka wamekuwa wakidai dola 5, na kwa kitu kinachozalishwa kwa mamilioni dai hilo si la kupuuza. Soko la muuzaji mmoja ndivyo lilivyo. Katriji ya kupima usugu mpana, XDR, ilipangiwa dola 14.90. Kumbuka hizo ni bei za kutokea kiwandani; usafiri, ushuru wa bandari na faida ya wakala vinakuja juu yake, na hospitali binafsi ambayo haimo kwenye mpango wa bei nafuu hulipa zaidi.

Ukinunua leo, chukua moduli za rangi 10, si 6. Za rangi 6 zinapima Ultra vizuri tu, lakini XDR haisomeki humo. Kubadilisha baadaye ni gharama ya pili kwa kosa la siku moja.

Sasa chumba. Mashine imeandikiwa joto la 15 hadi 30°C. Katriji zihifadhiwe kati ya 2 na 28°C. Tofauti ya hizo digrii mbili imepoteza maboksi mengi, kwa sababu watu wanalinda chumba cha mashine na kusahau stoo. Stoo ya bati Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari inapita 28 kabla ya saa sita mchana. Weka kipimajoto stoo, andika usomaji asubuhi na alasiri, na katriji zikipelekwa wilayani zisikae kwenye buti la gari lililoegeshwa juani. Kiyoyozi kisielekezwe moja kwa moja kwenye mashine, na nyuma na pembeni yake pabaki nafasi ya angalau sentimita 5 ili feni ipumue. Kichujio cha feni kioshwe kila mwezi. Kwenye maeneo ya vumbi kama Dodoma au Turkana wakati wa kiangazi, fanya kila wiki. Kikiziba, moduli zinapata joto na utaanza kuona makosa ya joto hata kiyoyozi kikiwa kinanguruma.

Umeme ndio adui wa pili. UPS, yaani betri ya akiba, ya dakika kumi ni pambo. Inayofaa ni ile inayoweza kubeba mashine na kompyuta kwa muda wa kumaliza kipimo kilichokwisha kuanza, yaani karibu saa mbili ukiweka akiba. Printa isiunganishwe humo, inakula chaji bure. Umeme ukikatika katikati ya kipimo, katriji hiyo imekwenda, hairudiwi. Ndiyo maana mabaki ya makohozi yaliyokwisha kuchanganywa yasitupwe mpaka jibu litoke. Na wakati wa kubadilisha kutoka umeme wa gridi kwenda jenereta, mpigo wa kwanza ndio unaoua. Kidhibiti volti ni cha lazima, hata kama bajeti inalia.

Kompyuta iliyokuja na mashine iachwe na kazi yake. Flashi ya kuhamishia matokeo ndiyo inayoleta virusi vya kompyuta, na programu ikiharibika mashine nzima inakuwa meza ya gharama kubwa. Zima kulala kwa kompyuta na masasisho ya Windows yanayojianzisha yenyewe: kompyuta ikijiwasha upya saa tisa alasiri, vipimo vinne vinapotea kwa mpigo. Nakala ya takwimu ihifadhiwe kila mwezi kwenye diski ya nje isiyotumika kwa kitu kingine.

Hatua za kupima makohozi ni chache, na ndiyo maana watu huzidharau. Kikopo cha makohozi kiwe na angalau mililita 1. Ongeza SR, kimiminika cha kuandalia sampuli kinachokuja na katriji, mara mbili ya ujazo wa makohozi: mililita 1 ya makohozi, mililita 2 za SR. Kimiminika hicho kina soda kali na isopropanoli. Kinayeyusha ute na kuua vimelea kwa kiwango kinachoruhusu kazi hii kufanyika mezani penye hewa ya kutosha, kama ilivyo kwa hadubini, bila kabati la usalama. Funga, tikisa kwa nguvu mara 10 au zaidi, au weka kwenye voteksi, yaani kifaa cha kutikisia, sekunde 10. Acha dakika 15 kwenye joto la chumba, ukitikisa tena mara 10 kati ya dakika ya 5 na ya 10. Mwisho wa dakika 15 mchanganyiko uwe majimaji, usio na vipande. Ukibaki na nyuzi za ute, tikisa tena na usubiri zaidi. Ukilazimisha, utalipa kwa katriji.

Kwa pipeti iliyomo kwenye boksi, vuta hadi juu kidogo ya alama ya mililita 2 na uingize polepole ndani ya tundu la katriji. Polepole maana yake kutopuliza povu. Povu likivutwa pamoja na sampuli, bomba linapata hewa mahali lilipotarajia kimiminika. Andika namba ya mgonjwa ubavuni mwa katriji, usiandike juu ya msimbo pau wala usibandike lebo kwenye kifuniko, kisha ianzishe mara moja. Katriji isifunguliwe mapema kwa kisingizio cha kujiandaa. Ikishafunguliwa unyevu unaanza kuingia kwenye vitendanishi. Usiitikise, na ulimi ule usiguswe kwa vidole: alama ya dole ni doa kwenye dirisha ambalo mashine inasomea.

Sampuli iliyokwisha kusafishwa kwa ajili ya kuoteshwa ina kipimo chake: mililita 0.5 ya masimbi (mashapo yaliyotuama chini) kwa mililita 1.5 ya SR. Watu hukosea hapa kwa kutumia ile ya mara mbili, ujazo haufiki mililita 2, na kosa linafuata.

Tufike kwenye makosa, maana hapa ndipo mtumiaji mzuri anapojitenga na anayebonyeza tu. Mashine ina aina tatu za kushindwa na kila moja inasema jambo lake. "Invalid" maana yake mashine ilifanya kazi hadi mwisho lakini kidhibiti kilichomo ndani ya katriji, mbegu za bakteria aina ya Bacillus globigii, hakikuonekana: sampuli ilikuwa na kitu kinachozuia PCR, au usindikaji haukwenda sawa. "No result" ni kipimo kilichokatizwa, kwa kawaida umeme au mtu. "Error" ndiyo yenye namba, na namba hizo zinafaa kubandikwa ukutani kwa Kiswahili.

2008: shinikizo la sirinji, yaani lile bomba la katriji, limepita kikomo. Katika visa vingi makohozi yalikuwa mazito au yana mabaki ya chakula, na kichujio kimeziba. Kinga yake iko kwa mgonjwa: asukutue kinywa kwa maji kabla ya kukohoa, na asitoe sampuli mara tu baada ya kula. 5006, 5007 na 5008: ukaguzi wa probu, yaani vipande vya DNA vyenye rangi ambavyo mashine husoma mwanga wake, umeshindwa. Kabla ya kuanza PCR mashine hukagua mwanga wa probu zake ndani ya ulimi. Ikikuta ulimi haukujaa, au vitendanishi havikuyeyuka sawasawa, inakataa kuendelea. Chanzo kikubwa ni ujazo: chini ya mililita 2, povu, au makohozi yasiyoyeyuka. 5011: mwanga umepotea katikati ya PCR, mara nyingi ulimi ulivuja au joto lilichezacheza. 2037: katriji haikufaulu kipimo cha kutovuja, yaani hata kabla sampuli haijasukumwa. 2127: moduli na kompyuta hazielewani, angalia waya na umeme. Zinazoanzia 1001, 1002, 1004 na wenzake ni joto: chumba, feni, au kipasha joto cha moduli.

Kujua namba hakutoshi, tazama pia mahali zinapojikusanya. Chapisha makosa ya mwezi mzima kisha yapange kwa moduli, kwa aliyepima na kwa saa. Yakijazana kwenye moduli moja, tuseme A3, peke yake, tatizo ni moduli hiyo: safisha fimbo na nafasi ya katriji, na kama hayaishi mwite fundi. Yakijazana kwa mtumishi mmoja bila kujali moduli, ni pipeti. Mwelekeze upya bila kumfokea. Yakijazana kati ya saa sita na saa tisa mchana, ni joto. Yakianza ghafla kwa wote na moduli zote, angalia namba ya toleo la katriji na njia zilikopita. Jumla ya vipimo vilivyoshindwa ikipita 5% kwa mwezi kuna tatizo linalotafutika. Maabara nyingi zinazolalamika kwamba mashine ni mbovu hazijawahi kufanya jedwali hili, ambalo ni kazi ya nusu saa.

Usafi wa fimbo unafanywa kwa kuishusha kupitia programu, kuifuta kwa dawa ya klorini iliyochanganywa siku hiyo hiyo, sehemu 1 kwa maji 9, kusubiri dakika mbili, kisha kufuta mara mbili kwa spiriti ya 70%. Ukiruka spiriti, klorini inakula chuma. Ule mpasuko ambao ulimi wa katriji unaingia haufutwi kwa majimaji ya aina yoyote. Una brashi yake ndogo kavu. Na kila wiki zima mashine na kompyuta, subiri kidogo, washa upya. Inasikika kama ushauri wa simu ya kioski, lakini inazuia hitilafu nyingi za mawasiliano.

Kusoma majibu ya Ultra kunahitaji kichwa kilichotulia kuliko ya katriji ya zamani. Chini kabisa ya ngazi kuna "Trace": kipimo kimeona IS6110 au IS1081 lakini rpoB, jeni inayoonyesha usugu wa dawa ya rifampisini, haikutosha kusomwa, kwa hiyo kuhusu rifampisini mashine itasema haijulikani. Kwa mtoto, kwa anayeishi na VVU, na kwa sampuli isiyo ya mapafu, kama maji ya uti wa mgongo, Trace ihesabiwe kuwa kifua kikuu na tiba ianze. Kwa mtu mzima asiye na VVU, hasa aliyetibiwa kifua kikuu ndani ya miaka mitano iliyopita, inaweza kuwa DNA ya vimelea vilivyokufa zamani. Chukua sampuli mpya, tazama picha ya kifua, msikilize mgonjwa. Kwa sababu hiyo hiyo mashine hii haitumiki kufuatilia maendeleo ya tiba. Vimelea vikifa, DNA yao haifi siku hiyo hiyo. Mgonjwa aliye kwenye mwezi wa pili wa tiba anarudi kwenye hadubini na kuoteshwa. Daktari akiandika Xpert, yaani kipimo hiki cha katriji, maabara imrudishie fomu kwa adabu.

Usugu wa rifampisini ukionekana kwa mtu asiye na dalili yoyote ya hatari hiyo, rudia kwa sampuli mpya kabla ya kumweka kwenye tiba ya usugu. Na kinyume chake: katriji inasoma kipande kimoja tu cha jeni ya rpoB, chenye herufi 81. Mabadiliko ya nje ya kipande hicho hayaonekani. Badiliko liitwalo I491F, lililokutwa kwa wingi Eswatini, linapita chini ya pua ya Xpert na kuandikwa kwamba hakuna usugu. Mgonjwa ambaye dawa hazimsaidii wakati karatasi inasema dawa zinafaa, sampuli yake iende kwenye maabara ya rufaa kwa kuoteshwa. Usugu wa isoniazidi, dawa nyingine kuu ya kifua kikuu, nao haupimwi kabisa na Ultra, jambo linalosahaulika. Hiyo ni kazi ya XDR.

Sifa moja inayostahili kusemwa kwa sauti ni kipimo cha choo kwa watoto wasioweza kukohoa. Kwa njia ya hatua moja, chota takriban gramu 0.8 ya choo moja kwa moja ndani ya chupa ya SR ya mililita 8, tikisa sekunde 30, acha dakika 10, tikisa tena sekunde 30, acha dakika 10 nyingine yatulie, kisha vuta mililita 2 za juu bila kugusa masimbi. Hakuna sentrifuji, hakuna mpira wa kupitisha puani kwa mtoto anayelia. Ukivuta chembe za chini utapata 2008 au 5006 mara moja, na ukizidisha kiasi cha choo ndivyo hivyo hivyo, gramu 0.8 ni kidogo kuliko mkono unavyodhani, pima mara chache kwenye mizani mpaka jicho lizoee.

Sasa Truenat, ya Molbio ya Goa, India, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2020 na ambayo Kenya imeanza kuitumia kwenye vituo vya chini. Hii, tofauti na GeneXpert, haitumii katriji bali chipu: kipande kidogo chenye kisima cha mikrolita 6, kinachopashwa joto na kupozwa haraka kwa sababu hakina wingi wa kupasha. Inatumia betri na inastahimili joto la chumba hadi 40°C, na chipu zake zinahifadhiwa hadi 30°C. Kwa zahanati isiyo na kiyoyozi hiyo si tofauti ndogo. Lakini kazi ambayo GeneXpert imeificha ndani ya katriji, Truenat inakurudishia mkononi. Unayeyusha makohozi, unayahamishia kwenye kimiminika cha kuvunja vimelea, unayapeleka kwenye mashine ya kutoa DNA kwa dakika 20 hivi, unatoa DNA, unapima mikrolita 6 kwa pipeti, unazichanganya na kitendanishi kikavu, kisha unadondosha mikrolita 6 hizo hizo kwenye kisima bila kiputo cha hewa. Pipeti ikiwa imepotoka, au mkono unatetemeka, kipimo kimeharibika. Na rifampisini inahitaji chipu ya pili baada ya ya kwanza kuwa chanya.

Upande mwingine wa shilingi ni kwamba DNA iliyobaki ipo. Kipimo kikishindwa unarudia kutoka hapo bila kumsumbua mgonjwa, wakati katriji ya GeneXpert ikishindwa imekwenda na kila kilichomo. Kwa kituo chenye wapimaji wawili waliotulia na umeme wa kubahatisha, Truenat inashinda. Kwa hospitali ya wilaya ambako zamu zinabadilika na mgeni anashika kazi kesho yake, GeneXpert inashinda kwa mbali, kwa sababu haimpi mgeni nafasi nyingi za kukosea.

Tahadhari moja kuhusu taka, kwa maabara zinazotumia mashine hii pia kwa wingi wa VVU. Katriji za kipimo hicho zina guanidini thiosayanati. Usizimwagie klorini, hata zikimwagika mezani: mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Zifunge kwenye mfuko wa taka hatarishi na zipelekwe kwenye tanuri la joto kali, si shimo la kuchomea nyuma ya wodi. Mtu aliyezoea kumwagia kila kitu klorini kwenye sampuli za kifua kikuu ndiye anayefanya kosa hili, tena kwa nia njema.

Lililobaki ni matengenezo. Kila moduli inahakikiwa usahihi wake mara moja kwa mwaka au baada ya vipimo 2,000, kile kitakachotangulia, na kituo kinachopima hata nje ya zile saa nane za kazi kinaweza kufika 2,000 kabla ya mwaka kwisha. Uzuri wa muundo ni kwamba moduli moja ikifa, tatu zinaendelea. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuitengeneza mwenyewe: inachomolewa nzima na kuletwa nyingine, na muda wa kusubiri unategemea wakala. Kwa hiyo kabla ya kusaini, mambo manne yaandikwe kwenye mkataba wenyewe, yasiishie kwenye mazungumzo ya chai: moduli za akiba ziko mji gani, siku ngapi tangu kuripoti hadi moduli mpya kuwa mezani, nani analipa usafiri wake, na uhakiki wa mwaka umo ndani ya bei au unalipiwa pembeni. Wakala akisema moduli za akiba ziko nje ya nchi, ongeza wiki za forodha kwenye hesabu yako na uamue tena.